Kandambili Chini ya Toazi

Nilianza na kandambili ya kushoto, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imekatika kamba. Nilikaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu nyuma ya soko la Kalerwe, wembe mkononi, nikichonga viduara vya kuweka chini ya matoazi ya ngoma zangu, yale masahani ya shaba, ili chuma kisigonge chuma. Mama alikuwa akianua nguo. Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, "Wewe nachinja viatu, na harusi iko wiki ijayo."

Niliendelea kuchonga. Mimi nikichokozwa hujibu vibaya, na siku hizo nyumba yetu ilikuwa kama maziwa yaliyo jikoni: kila mtu anayachungulia yasifurike.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa. Mimi hupiga ngoma kanisani, kule Ntinda. Ni zile ngoma za kisasa ambazo mpigaji hukaa katikati yake na kutumia mikono na miguu pamoja, na bendi yetu ndiyo ingepiga harusini. Shida ilikuwa baba. Baba alikuwa askari. Alipigana kaskazini, kwao alikozaliwa, akarudi na viungo vyake vyote, pamoja na tabia ya kutokubali kuupa mlango mgongo. Kishindo cha ghafla humwondoa hapa tulipo. Kwenye harusi ya binamu yangu, mpiga ngoma mmoja asiye na breki aligonga toazi bila onyo wakati wa kukata keki. Tulimkuta baba nyuma ya tangi la maji la jirani, amechuchumaa na suti yake, amemkumbatia mtoto wa watu aliyemnyakua njiani ili amwokoe. Mama wa mtoto yule alisema maneno ambayo mpaka leo sijayasamehe.

Kwa hiyo mdogo wangu akasema hataki ngoma kabisa. Alitaka kitu kimoja tu: akiingia hemani na mume wake, amwone baba yuko pale kwenye kiti chake cha mbele. Baba alipozisikia habari hizo aliweka kikombe cha chai chini.

"Harusi bila ngoma iko matanga," alisema. "Hapana zika mtoto yangu."

Mama naye ni Mnubi, wa ukoo wa Kiislamu, na kwao harusi ambayo wanawake hawajapiga ngoma haijafungwa, hata kama shehe ameshakwenda zake. Yeye alikata shauri lingine: baba abaki nyumbani, apelekewe pilau. Mdogo wangu alisikia, akaingia chumbani akafunga mlango. Hapo ndipo nilipojitwisha mzigo ambao hakuna aliyenipa. Nikasema ngoma zitapigwa na baba atakaa. Nitazitia adabu.

Vifaa vya kupunguza sauti vinauzwa mjini, lakini nilishaviona, na vingi ni mpira uliokatwa tu na kutiwa jina la kizungu. Mpira na mimi tunajuana. Kwa fundi baiskeli nilipata mipira ya ndani iliyotoboka, nikaikata pete pana na kuzivisha juu ya ngoma ndogo ili zisivume. Kipande cha bomba la kumwagilia bustani kiliingia barabara kwenye misumari ya kushikia matoazi. Ule mnyororo mwembamba unaoshika kizibo cha sinki niliufunga juu ya toazi kubwa, nalo likaacha kulipuka na kuanza kuchacharika, kama mafuta yanapopokea kitunguu. Kandambili ya kulia niliifunga kwenye kinyundo cha mguu, kile kinachopiga ngoma kubwa ya chini, na tumbo la ngoma yenyewe nikalishindilia blanketi zito.

Spoki za baiskeli zilikuwa kazi ya baba. Kwao, vijana wakicheza ngoma za uchumba hupiga vibuyu kwa fungu la spoki, na kabla ya jeshi yeye alikuwa mmoja wao. Aliniona nikizifunga kwa waya ili niwe na fimbo laini, akaninyang'anya.

"Hapana kaza sana. Iache ipumue," alisema.

Akazikunja ncha moja moja kwa koleo, zisije zikatoboa ngozi, maana ngozi ya plastiki si kibuyu. Vidole vyake havikutetemeka hata kidogo. Nilimtazama nikaona tumeshashinda, na nikawa na furaha ya kijinga kabisa.

Jumapili baada ya ibada nilizileta ngoma uani kwa majaribio. Baba alikaa kwenye kiti, mgongo ukutani. Mama alisimama mlangoni na mdogo wangu akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono katikati ya magoti. Niliinua mkono nikaligusa toazi. Likachacharika. Ukope wa baba ukacheza, basi. Nikaenda kwenye ngoma ndogo na spoki zake, naye akatabasamu, akaanza kupiga mdundo wa kwao kwa kidole kwenye paja. Mdogo wangu akanitazama, macho yanang'aa. Nikaona sasa niwaoneshe kazi yangu bora. Nikakanyaga ngoma ya chini.

Sauti ilitoka vile vile nilivyoitaka. Nzito, laini, ya mbali. *Dum.* Nikakanyaga tena. *Dum.*

Baba alisimama. Hakukimbia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alitazama juu ya mapaa, akasikiliza, midomo ikihesabu. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia, "Kila mtu chini." Alimshika mama bega akamkalisha chini ya ukuta, taratibu, kwa mkono uliokwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi. Akamjia mdogo wangu, akamfunika kwa mwili wake.

Mguu wangu ulikuwa umeganda. Jirani alikuwa akikaanga kitu, na redio yake ilikuwa ikitangaza sabuni. Sikujua kama nikisema nitamrudisha au nitampoteza zaidi. Mdogo wangu, akiwa chini ya kifua chake, ndiye aliyesema: "Baba, uko Kalerwe. Leo Jumapili." Akarudia, na kurudia tena, mpaka baba akaiona ile ndoo, akaona watoto wa jirani wamepanda ukuta kutazama. Akajikung'uta magoti na kuingia ndani.

Mama aliinuka. "Abaki nyumbani," alisema, na safari hii hakuna aliyembishia.

Nilikasirika. Niliikasirikia ngoma, nikajikasirikia, na kusema kweli nilimkasirikia hata baba, kwa nini vita vyake visiishe kama vya wengine. Nilikuwa nalitoa blanketi kwa kulivuta kama ninayemtoa mbuzi zizini, baba akatoka na kuchutama kando yangu.

"Ile chuma kubwa ya juu mimi najua," alisema. "Inapiga, imekwisha. Hii ya mbali ndio mbaya. Inalia kule, halafu wewe nahesabu, halafu inakuja kwako."

Mikono yangu ikaliachia blanketi. Nilitumia wiki nzima nikitengeneza bomu la mbali, kwa mikono yangu na kandambili zangu.

"Na mguu yako imejificha," akaendelea. "Mkono naona. Nikiona mkono inakuja, ile iko sauti tu. Nisipoona, narudi kule."

Basi tukafanya hivyo. Blanketi likatoka. Kandambili ikafunguliwa kwenye kinyundo, mahali pake nikafunga kichwa cha mwiko wa mama, ambao mpaka leo anaudai, na ngoma ya chini ikatoa sauti kavu ya karibu, ya kitu kinachogongwa hapa hapa. Toazi sikulipunguza zaidi. Tulikubaliana tu kwamba sitaligonga kabla ya kuinua mkono juu ya kichwa, na kabla sijahakikisha anauona. Akasema atakuja. Mama akasema Mungu atusaidie, na akapakia pilau kwenye chombo chenye mfuniko, kwa tahadhari.

Siku yenyewe hema lilijaa kuliko tulivyotazamia. Kiti cha baba kilikuwa mbele, mkabala na mimi. Kwa nyimbo za mwanzo macho yetu hayakuachana. Naanza kuinua mkono, naye anajikaza. Nalipiga toazi, naye anapumua. Wageni walidhani naringa. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa kwenye kinanda, alininong'oneza kwamba hapa si sarakasi. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi viwikoni.

Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi wako mlangoni. Hapo wimbo hufunguliwa kwa toazi moja kubwa, na bila hilo hakuna anayeanza kucheza. Niliinua mkono. Wakati huo huo shangazi mmoja wa bwana harusi, aliyevaa gomesi, vazi refu la sherehe la mabega yaliyochongoka, akajitupa mbele kupiga vigelegele. Nyuma yake wakainuka wengine, kisha hema zima likasimama. Baba akatoweka.

Nikabaki na mkono juu.

"Piga, nnyabo," kiongozi akasema, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Wameingia."

Sikupiga. Vigelegele vikafifia kimoja kimoja. Watu wakaanza kunigeukia, na mshereheshaji akacheka kile kicheko chao cha kufunika aibu. Pale walipogeuka pakapatikana upenyo, nikakiona kiti cha baba. Kilikuwa kitupu. Mdogo wangu, akiwa kwenye njia ya katikati na shela lake, alikiona pia. Alisimama. Nilimwona anageuza shingo polepole kutazama upande wa nje, upande wenye matangi ya maji, na uso wake ukaporomoka. Nilitamani ardhi inimeze, na hata hivyo mkono wangu ulikataa kushuka.

Kuna mtu akakanyaga waya kando yangu. Alikuwa baba. Alikuwa amewapenya wale wote, tai imepinda, kijasho kwenye mdomo wa juu, akaja kusimama ubavuni pangu, karibu kiasi kwamba koti lake liligusa bega langu. Aliutazama mkono wangu. Akautazama na mguu.

"Sasa naona," alisema. "Piga."

Nilipiga. Alishtuka, nilimsikia ameshtuka, pumzi yake ikakatika sikioni mwangu, na mkono wake ukalidaka bega langu mpaka likauma. Lakini hakuondoka. Mdogo wangu aligeuka kuifuata ile sauti, akamwona, akauachia mkono wa mumewe na kuja kwetu mbio, shela linaburuta. Mimi niliendelea kupiga, mkono juu kila mara, nikilia mbele ya watu wote, na baba hakuliachia bega langu.