Masega Yaliyombishia Hodi

Mume wangu alikuwa habishi hodi. Gari ndilo lililombishia. Akilizima pale uani kwetu Ilala, kuna kitu kilichezacheza chini yake, kacha-kacha-kacha, halafu kimya. Mama yake, ambaye macho yalishampotea siku nyingi, alikuwa akiitikia kutoka kitandani: "Karibu, baba!" Nilimsema sana mume wangu apeleke gari kwa fundi, nikidhani ni bati limelegea. Anacheka tu. "Nikilitengeneza, mama atajuaje nimerudi?" Mbishi yule! Mungu amrehemu, lakini mbishi.

Alipofariki nikakaa eda. Shemeji yangu, mdogo wake, akawa anakuja kila asubuhi kuliwasha gari, betri isife. Analiacha lingurume palepale lilipo, anakunywa chai yake, kisha analizima. Kacha-kacha-kacha. Mimi niko ndani na kanga yangu, nang'ata mto nisilie kwa sauti. Mara ya kwanza mama mkwe aliitikia, "Karibu, baba!" halafu akakumbuka, tukalia wote wawili. Asubuhi zilizofuata aliitikia makusudi, na mimi sikumsahihisha. Shemeji alipotaka kuacha, eti mafuta yanaishia bure, mama alimfokea: "Umeombwa mafuta wewe? Washa!"

Eda ilipokwisha nikaanza kuliendesha mwenyewe, maana nauza vitenge Kariakoo na mizigo haijibebi. Siku moja natoka Posta, kufika Mnazi Mmoja nakanyaga mafuta, gari haliendi. Linakoroma kama mgonjwa wa pumu. Bajaji zinanipita, na dereva mmoja akachungulia kuniuliza kama nalisukuma kwa miguu. Nikamjibu maneno ambayo mjane hatakiwi kuyajua. Taa ya injini ikawaka.

Nikalikokota hivyo hivyo mpaka Gerezani, kwa fundi wa mabomba ya moshi.

"Shikamoo, mama. Piga resi kidogo."

Nikapiga. Akaweka kiganja nyuma ya bomba, akatikisa kichwa. "Halipumui hili." Akafungua sensa ya bomba la moshi, ile iliyo karibu na injini, moshi ukapata tundu la kutokea, akaniambia nipige tena. Lo, kelele zake! Lakini injini ikachangamka pale pale. "Umeona? Injini nzima kabisa. Bomba limeziba huku mbele." Akaingia uvunguni na nyundo ya mpira, akaligonga bomba.

Kacha-kacha-kacha.

"Rudia," nikasema. Akarudia. Ni ule ule wa uani.

"Ni masega haya, mama. Kichujio cha moshi. Ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Yalishavunjika zamani, huo mlio ni vipande vinacheza ndani. Sasa yamejaa na masizi." Akatoka uvunguni akijifuta mikono. "Mlikuwa mnaliwasha limesimama?"

"Mume wangu alipofariki. Betri isife."

"Ndiyo zetu. Magari ya marehemu yote yananijia hivi. Masega yanataka safari, yapate moto, yajisafishe. Nyie mnayavutisha moshi uani."

Nikamwuliza kama anaweza kuzibua tu, huo mlio auache. Alinitazama kwanza, akadhani namtania.

"Mama, huo mlio ndio ugonjwa wenyewe. Ukiliacha hivi litakufia barabarani."

Nililia pale, wallahi, mbele ya mafundi na muuza kahawa, sikujali. Fundi akanivutia stuli, akaenda duka la jirani kutafuta masega ya gari kama letu. Akarudi nayo, akayaelekeza juani nione mwanga ukipita kwenye vitundu. Akakata ya zamani, akachomelea haya. Alipoomba nimwachie yale mabovu, kwa kuwa wanunuzi wake wapo, wanaotafuta madini yaliyomo ndani, nilimwambia asiyaguse. Nikayafunga kwenye kipande cha kitenge, nikayaweka kiti cha mbele, kiti changu siku zote marehemu alipokuwa akiendesha.

Gari likawa jepesi. Linaitika nikiligusa tu, na mimi nalia njia nzima.

Nikafika uani, nikalizima. Nikasubiri. Najua kilichofanyika Gerezani, nilikuwepo, na bado nikasubiri. Kimya. Ndani pia kimya.

Nikaingia.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza.

"Mimi, mama."

"Gari umeliacha wapi?"

"Liko nje. Limepona."

Nikamwekea yale masega mapajani, nikamweleza kwamba ndiyo yaliyokuwa yakilia, na kwamba fundi aliyataka, yana wanunuzi. Akayapapasa, vidole vikafika pale yalipokatwa, vikasita. Kisha akayanyanyua kwa mikono miwili, akayatikisa. Kacha-kacha. Nikamngoja aitikie.

Akanirudishia.

"Kayauze, mwanangu," akasema. "Mwenyewe haji."