Alipokonda Binti Yangu

Mboga za majani nazijua zote kwa majina: mgagani, mnavu, mlenda, mchicha wa porini, na nsansa, yale majani ya kunde tunayoyachemsha na kuyaanika juani yatufae kiangazi. Shule sikusoma sana, lakini majina hayo hayanipotei. Binti yangu nilimlea kwa mboga hizo kule Sengerema. Alipoolewa Igogo, mjini ng'ambo ya ziwa, na kuanza kuuza dagaa soko la Mwaloni, akaziacha. Kwake ikawa chipsi, maandazi, wali na soda. Akanenepa, na sokoni wakamsifu: "Umependeza! Mume anakutunza."

Sukari ilipompanda nilimsindikiza kliniki. Muuguzi, msichana mpole, aliniamkia, kisha akatueleza kwamba tumboni mwa mtu wanaishi bakteria wengi, na wengine ni wema. Chakula chao ni nyuzinyuzi za mboga na vitu vilivyomo ndani ya majani, hata vile vinavyoyafanya yawe machungu. Hao wakishiba, wanausaidia mwili kudhibiti sukari na uzito.

"Wadudu tumboni?" nikauliza. "Mbona sisi tulimeza dawa kuwatoa?"

"Ile ilikuwa minyoo, bibi." Akacheka. "Hawa ni wapangaji wazuri. Ila dawa zake asiache, mboga ni za kusaidia tu."

Binti yangu akanigusa kwa kiwiko. "Mama, kwa hiyo nikila mgagani nalisha wapangaji? Na kodi hawalipi!"

Tulicheka mpaka getini.

Basi nikawa navuka na kivuko, kikapu cha mboga kichwani. Akazipika kwa karanga, akala na ugali wa dona, soda akaacha. Miezi ikapita, magauni yakaanza kumpwaya. Ule mlima wa kwake, wenye mawe, akawa anaupanda bila kusimama kupumua. Nilimwangalia nikamwona msichana wangu wa zamani.

Kumbe sokoni walikuwa wanamwangalia kivingine. Kwetu huku mtu mzima akikonda, watu hawasemi anapona. Wanasema ameathirika, ana virusi. Mwenzake wa meza ya jirani alimwambia mbele ya wateja, "Shoga, mbona unaisha? Kapime bwana, siku hizi dawa zipo, usijifiche."

"Nimeacha soda tu."

"Eeh, soda! Wote mnasema hivyo."

Wateja wakaanza kuipita meza yake. Mawifi wakaitana pembeni. Mume akawa anakula upesi na kutoka.

Niliporudi na kikapu changu nilimkuta na sahani ya chipsi zinazochuruzika mafuta, chupa ya soda pembeni.

"Mwanangu, na yale ya muuguzi?"

"Mama, wewe unakaa Sengerema. Mimi naishi na hawa watu."

"Si uwaambie ni sukari?"

"Nimewaambia. Nitembee na cheti shingoni?" Akafuta vidole. "Acha ninenepe, Mama. Angalau nisalimiwe."

Niliketi naye mpaka akamaliza kula.

Mwili ukamrudia wote, na mwingine juu yake. Sokoni wakafurahi: "Si unaona? Umepona sasa!" Na yeye akacheka nao, maana wateja walirudi. Lakini sukari nayo ikarudi, na miaka ilivyokwenda macho yakaanza kuingia ukungu, miguu ikavimba, mwisho figo zikakataa. Alikata roho hospitalini, nimemshika mkono, naye ananiuliza kama nimekula.

Msibani wanawake wa sokoni walikuja wote na khanga zao. Walilia kweli, siwezi kuwasingizia. Walimpenda. Yule wa meza ya jirani alinikumbatia kwa muda mrefu.

"Pole, Mama. Ila Mungu kamheshimu, hakukonda. Ameondoka na mwili wake."

"Ameondoka na mwili wake," wenzake wakaitikia.

Nikamwambia asante, nikamsogezea mkeka akae.