Daftari ya Bwana Rudia

Wale wanaosema wazungu wa zamani walijua Kiswahili vizuri wananikasirisha. Walikiokota wapi, kwenye mvua? Mwanafunzi anasifiwa, mwalimu hata jina haulizwi. Basi mimi nalitaja: Vénantie, dada ya mama yangu, muuza maziwa wa kilima cha juu ya Muheto. Darasani hakuingia hata siku moja.

Mwaka wa 1951 serikali ya wazungu ilituletea ajenti kijana, afisa wake mudogo. Sheria yao ilikuwa hivi: ajenti asiyefaulu mutihani wa luga ya wenyeji, na kwao hiyo ni Kiswahili, hapandi cheo. Na huyu hakujua hata kuomba maji. Kila asubuhi Vénantie alipomupelekea maziwa, kijana alimuzuia barazani, daftari mukononi: "Rudia, Mama, rudia." Tukamuita Bwana Rudia.

Alinyoosha kidole kwenye kilima kilichotazamana na nyumba yake. "Ile nini?"

"Ile ni maharagi."

"Ya nani?"

"Ya mimi, Vénantie. Zile ngombe ni za bwana yangu Hakorimana. Pale kwenye mawe njo kaburi ya baba yangu."

Aliandika yote. Mwaka muzima wa asubuhi ulikwenda hivyo, na magugu yakamea katika shamba la mwalimu.

Akafaulu. Na siku ile ile Kiswahili kikakauka kinywani mwake. Vénantie alipokwenda ofisini kuomba ruhusa ya kupeleka ngombe mugonjwa kwa munganga wa Sake, Bwana Rudia alimujibu Kifaransa, macho kwenye karatasi. Symphorien, karani wake, ndiye aliyegeuza maneno kwa Kiswahili: "Anasema useme na mimi, Mama."

"Kwani mudomo wake umeumwa na nyuki?"

Karani aliinama, akijifanya anatafuta kalamu.

Mwaka wa 1953 mukoloni mumoja, muzungu wa mashamba makubwa, alikitaka kilima chetu chote apande pireti, yale maua ya kuua wadudu. Sheria ilisema ajenti akusanye wenyeji kwanza, awasomee karatasi kwa luga wanayosikia, awaulize kama udongo una wenyewe, kisha waweke kidole cha wino kwenye karatasi. Siku mbili kabla ya mukutano huo, Symphorien alikuja kuchukua maziwa, jasho likimutoka.

"Mama, ile karatasi nimekwisha kuipiga mashini. Inasema kilima iko bure, haina muntu. Na chini inasema: imesomwa kwa luga ya wenyeji, wote wamekubali."

"Imesomwa lini?"

"Bado."

"Na wewe ukapiga?"

"Niliagizwa, Mama."

"Basi maziwa yangu yamenenepesha vidole vya kuniuza." Akamimina yale maziwa kwenye chungu chake tena, akamurudishia kibuyu kitupu.

Siku ikafika. Tulikaa kwenye majani, wanaume mbele, wanawake nyuma. Na Bwana Mukubwa wa distrikti alikuwako, muzee mwenye Kiswahili cha barabarani lakini chenye kutembea. Bwana Rudia alisoma Kifaransa mbio mbio kama anayefukuzwa na mbwa, kisha akasukuma wino mbele. "Kidole," akasema. Neno hilo moja hakulisahau!

Vénantie alipita katikati ya wanaume, mukono ameufunga katika kitambaa.

"Kidole yangu haisikii Kifaransa."

Watu wakacheka. Bwana Rudia akawa mwekundu. Vénantie akamugeukia yule muzee.

"Bwana Mukubwa, huyu mutoto wako anajua Kiswahili ao hajui?"

"Anajua. Mimi njo nilimupa mutihani."

"Basi asome kwa Kiswahili. Kama amesahau, alete daftari, tutarudia."

Angesema hajui, cheo kingekwenda. Angesema anajua, ingebidi asome. Akasoma, sauti ikishuka: "Kilima hiki... haina muntu."

"Rudia, Bwana. Ile nini?" Vénantie alinyoosha kidole.

Bwana Rudia akainamia karatasi yake.

"Jibu," Bwana Mukubwa akasema.

"Maharagi."

"Ya nani?"

"Ya... ya Vénantie."

"Na pale kwenye mawe?" Vénantie akauliza.

"Kaburi ya baba yako."

Bwana Mukubwa alifunga karatasi, akaingia katika gari bila kuaga. Hakuna kidole kilichowekwa. Sisi tulipiga vigelegele, wajinga sisi, tukidhani mambo yamekwisha.

Mukoloni alipewa kilima cha ng'ambo ya muto. Kule hakuna aliyekuwa amemufundisha ajenti yeyote. Karatasi ilisomwa Kifaransa, Bwana Rudia yule yule, wino ule ule, na kabla ya mavuno watu wa kule walifukuzwa, wakashuka na mikeka kichwani. Wengine Vénantie aliwapa pembe ya shamba lake walime.

Maziwa hakumupelekea tena ajenti; alipotuma muntu kuyaomba, alijibiwa aombe kwa Kihunde, luga yetu ya nyumbani. Na muntu akimusifu Vénantie kwa siku ile, hata alipokuwa muzee, yeye alitema mate chini na kuonyesha maua meupe ya pireti ng'ambo ya muto.

"Wale, nani aliwauliza?"