Simu ya Mama Fabiani Iliyoitikia Makofi

Kama umewahi kununua ulezi Majengo, hapa Sumbawanga mjini, basi Mama Fabiani unamfahamu, hata kama jina lake la ubatizo, Marsiana, hulijui. Ni yule mama mfupi anayepima kwa sado, akishajaza anaongeza kiganja juu, halafu yeye ndiye anakushukuru wewe. Sijaona mtu wa shukrani kama yule. Mvua ikinyesha anashukuru, ikikata anashukuru kwamba ulezi utakauka. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, yeye akarudi nyumbani anamshukuru Mungu kwamba masikio bado mazima. Wengine wetu hapo tungeshanuna mwezi mzima.

Jambo moja tu lilimshinda kulishukuru, nalo ni mdogo wake, Bertilla, aliyeolewa Chala. Walizaliwa wawili tu, na walikuwa hawasemeshani.

Ugomvi wenyewe ulianzia msibani. Mama yao alifia mikononi mwa Marsiana, masika yale ambayo barabara ziligeuka matope matupu na gari la Chala lilikwama njiani. Wazee wa ukoo walisubiri, wakachoka kusubiri, wakaamua marehemu azikwe. Bertilla alifika kaburi limeshafukiwa. Uchungu ukampanda, akasimama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Dada, umemzika mama haraka haraka kama mtu anayeficha kitu." Jamani! Maneno hayo ukiyasema kwingine yanaweza kupita. Hapa Sumbawanga, ambako watu wa mbali wakisikia jina la mji tu wanaanza kuulizana habari za uchawi, maneno hayo hayapiti. Marsiana hakujibu. Alilia siku ile, na miaka yote iliyofuata kila alipomtaja mama yake alimtaja na mdogo wake.

Sasa tuje kwenye simu. Mwanaye Fabiani ni dereva wa lori, mtu wa kwenda na kurudi mpakani Kasesya na kuvuka Zambia. Aliona mama yake anahangaika na simu ya vitufe, anaisogeza puani kutafuta namba, akampigia mtu mwingine kabisa. Akamnunulia simu kubwa ya kioo, yenye msaidizi wa sauti. "Mama, usihangaike kubonyeza," akamwambia. "Piga makofi mawili, itaamka. Halafu taja jina la mtu, itampigia yenyewe."

Ikawa kweli. Marsiana akipiga viganja, pa-pa, binti wa ndani ya simu anaitika kwa Kiswahili kilichonyooka, "Niko hapa! Nikusaidie nini?" Naye anasema, "Mpigie Fabiani," na muda si mrefu anasikia sauti ya mwanaye na ngurumo ya lori. Alimshukuru yule binti kila mara, eti "asante mwanangu", mpaka binti anajibu, "Karibu."

Ila Fabiani, kwa kuishi barabarani, alisahau kwao watu wanasalimianaje. Mfipa aliyelelewa hasalimii mkubwa kwa mdomo tu. Anainama, mwanamke anapiga magoti, na viganja vinapigwa polepole, pa, pa, huku salamu ikitoka. Ndiyo heshima yenyewe. Na simu ile, masikini, ilidhani inaitwa.

Basi ikawa balaa. Mteja anapiga goti kumsalimia Mama Fabiani, sauti inatoka kwenye mfuko wa kitenge: "Niko hapa! Nikusaidie nini?" Mama mmoja kutoka kijijini aliacha sado yake imejaa akaondoka bila kuaga. Jumapili kanisani, waumini walipopiga makofi kwenye wimbo wa kutoa sadaka, binti alijibu mara tatu, na jirani yake Lucia, aliyekaa kiti cha nyuma, akajiziba mdomo kwa kanga. Haikuchukua muda watu wakaanza kunong'ona kwamba kwa Mama Fabiani kuna sauti isiyo na mtu. Unajua mji wetu ulivyo.

"Si ukizime hicho kitu?" Lucia alimwambia. Marsiana hakutaka hata kusikia. Mwanaye ndiye kamwekea, kwa mapenzi yake, na bila huyo binti angempataje Fabiani akiwa ugenini huko? Alivumilia, akawa anawaomba wateja wamsalimie bila makofi. Wenyewe walimwona anajidai.

Ndipo siku moja mchana, akiwa ndani anapepeta ulezi, akasikia mtu anabisha hodi. Sauti aliitambua kabla ya sura, maana sura hakuiona vizuri. Ungo ulimponyoka mikononi.

"Karibu," akasema.

Bertilla aliingia, akaweka kikapu chini, akapiga magoti hapo hapo juu ya ulezi uliomwagika. Alikuja kuomba msamaha, na alikuwa ameyapanga maneno njia nzima kutoka Chala. Mwaka huo huo mama mkwe wake alifariki wakati daraja limesombwa na maji. Shemeji yake alikuwa Mpanda, hakuweza kufika, na Bertilla ndiye aliyeuguza na kuzika. Shemeji alipofika alimwambia maneno yale yale, karibu neno kwa neno, mbele ya watu. Usiku huo Bertilla hakulala. Alimkumbuka dada yake amesimama kaburini bila kujibu.

Akapiga viganja, pa, pa. Papo hapo akaanza kusema kwa Kifipa, lugha ya mama yao, kwa sababu jambo kama lile huwezi kuliomba kwa Kiswahili cha ofisini. Alisema, nimekukosea dada, nilikusingizia, naomba unisamehe.

Na kabla Marsiana hajafumbua mdomo, sauti iliyokosa hata nafasi ya kuitika ikatoka pembeni, kavu, haina haya: "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Bertilla aliinua kichwa. Akatazama pazia la chumbani. Akatazama mlango wa uani.

"Nani huyo?"

"Si mtu, ni..."

"Dada, nimekuja kwa magoti, nawe umemweka binti ndani anicheke? Ananiambia nirudie? Nirudie mara ngapi?" Alishanyanyuka, mkono umeshika kikapu, na machozi yanamtoka. "Basi. Nimesikia. Wewe hujanisamehe, na sikulaumu."

Marsiana aliogopa kuliko siku ya msiba. Aliona, kwa macho yake yale yenye ukungu, kivuli cha mdogo wake kinaelekea mlangoni, na alijua kikitoka hakirudi tena. Alimrukia akamshika kanga. "Bertilla, ni simu! Nakuapia, ni simu ya Fabiani! Subiri!" Na hapo, mwanamke mtu mzima, dada mkubwa, akapiga viganja viwili kwa nguvu.

"Niko hapa! Nikusaidie nini?" ikasema simu kutoka juu ya gunia.

Bertilla alirudi nyuma hatua moja. "Mama yangu wee!"

"Mpigie Fabiani!"

Fabiani alipokea akiwa Kasesya kwenye foleni ya malori. Bertilla alisogea akaiinamia simu, kama mtu anayechungulia kisima. "Fabiani? Mimi mama yako mdogo. Huyu binti ni wa kwako?"

Injini zilinguruma. "Mama mdogo? Shikamoo! Wewe... uko kwa mama?" Sauti ilimkatika. "Mungu wangu. Uko kwa mama kweli?"

"Marahaba. Niko. Sasa nifundishe namna ya kumnyamazisha huyu mtu, maana nimetoka Chala kuzungumza na dada yangu, naye anajibu yeye."

Fabiani alicheka mpaka akakohoa. Kisha akawa makini. "Mama, unasikia? Tukiizima hutaweza kunipigia kwa kunitaja. Na macho yako yalivyo, utanipigiaje?"

 Hilo lilimuuma Marsiana, sisemi uongo. Simu ile ilikuwa ndiyo njia yake ya kumsikia mwanaye akiwa mbali. Lakini alikuwa ameshika kanga ya Bertilla mkononi, hajaiachia tangu alipoikamata.

"Utanipigia wewe, mwanangu," akasema. "Zimeni."

Basi wakaanza. Fabiani anaelekeza kwenye spika, Bertilla mwenye macho anasoma, Marsiana anashikilia simu isianguke. Ingia kwenye mipangilio. Shuka chini. Hapana, mama mdogo, hapo umefungua saa ya kuamka. Rudi nyuma. Bertilla aligusa kwa kidole kigumu cha jembe, kioo kikakataa, akajifuta kidole kwenye kanga, akajaribu tena. Vichwa vyao vilikuwa vimegusana. Walipolifikia neno "msaidizi wa sauti", kulikuwa na kidude cha kijani, wakakisukuma kikawa cha kijivu. Pakaja swali kama wana uhakika. "Tuna uhakika sana," Bertilla akaliambia, akabonyeza. Fabiani akawaambia waondoe na ruhusa ya kutumia maikrofoni, wakaiondoa. Halafu Bertilla akaiweka namba ya Fabiani mahali ambapo ukibonyeza kitu kimoja tu inapiga, akamshika dada yake kidole akakipeleka hapo, mara moja, na tena, mpaka kidole kikapajua.

"Nitakaa mpaka utakapopazoea," akasema. Hakusema ni lini.

Simu ya Kasesya ilipokatika, walibaki wawili sakafuni, ulezi umetapakaa kila mahali. Bertilla akarudi kwenye magoti. Akapiga viganja. Wote wawili wakatega sikio. Hakuna aliyeitika. Nje alipita mtu na mkokoteni.

Akasema tena yote, kwa Kifipa, kuanzia mwanzo: msiba, maneno aliyoyasema mbele ya watu, mama mkwe wake, shemeji, usiku ule. Marsiana hakumkatiza hata mara moja. Alimwacha amalize mpaka neno la mwisho, mashavu yake yamelowa, midomo inacheza cheza kama anayesali.

Kisha akainuka kidogo, akamtafuta mdogo wake kwa mikono, akampata mabegani.

"Nilikuelewa tangu mara ya kwanza," akasema. "Asante kwa kurudia."