Sakafu Aliyoilipua Baba Yangu

Tailizi ya kwanza ilitoka bila kupigwa nyundo.

Nikang'oa ya pili, ikatoka nzima nzima. Ya tatu hivyo hivyo. Nikabaki nimeshika patasi, sielewi.

Tailizi iliyokaa miaka ishirini na mbili haitoki hivyo, jamani. Inang'ang'ania mpaka mgongo ukuume.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Nyumba ni ya Mzee Hamoud, Tabora mjini, upande wa Kitete. Tailizi zile aliziweka baba yangu, Shilinde. Mwaka haukuisha zikaanza kulia. Ukikanyaga sebuleni unasikia debe tupu.

Siku moja ya Ijumaa Hamoud akamkuta baba barazani, akamwita fundi uchwara mbele ya kadamnasi.

Baba hakujibu neno. Mji ukambatiza Mzee Lipua, yaani mtu wa kulipualipua kazi ovyo. Kazi zikakata. Akarudi kijijini kwetu Lusu kulima mahindi, na mimi shuleni nikawa "mtoto wa Lipua".

Niliingia ufundi kwa hasira tu.

Mwaka huu nikasikia Hamoud anatafuta fundi wa kubadilisha zile tailizi. Nikajipeleka mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe binti wa nani?"

"Wa Shilinde. Naitwa Levina."

Akanitazama juu mpaka chini. "Baba yako aliniharibia nyumba."

"Ndiyo nimekuja kuitengeneza. Nikishindwa, na mimi niiteni Lipua."

Sasa turudi sebuleni. Chini ya tailizi kulikuwa na saruji nyembamba. Chini ya saruji, nailoni nyeusi, imetandikwa ukuta hadi ukuta. Nikaivuta.

Terazo, ile sakafu ya zamani ya saruji na vijiwe inayosagwa mpaka ing'ae. Nyekundu, ina vijiwe vyeupe na vya kijani, mistari ya shaba imenyooka. Haina hata kovu.

Mafundi mtanielewa. Ukitaka kuweka tailizi juu ya terazo, unaichonga kwanza kwa patasi, mamia ya matundu, ili saruji ishike. Usipochonga, tailizi zitalia tu. Kila fundi anajua. Baba alijua.

Nikampigia simu.

"Baba, sakafu ya Hamoud hukuichonga."

Akauliza, "Imeonekana?"

"Yote."

"Kuna mtu aliisaga ile kwa magoti, mwanangu. Sikuwa na moyo wa kuitoboa."

"Sasa kwa nini hukusema, siku ile anakutukana?"

"Ningesema, angeleta fundi mwingine aichonge."

Nililia, sifichi. Halafu nikapandwa na hasira.

Siku tisa, mlango nimefunga na Hamoud sijamwambia, nikaisaga kwa mashine na maji, jiwe la kukwaruza kwanza, laini baadaye, nta mwisho. Siku ya kumi Hamoud akaingia, akavua viatu bila kuambiwa. Akainama, akaigusa.

"Marehemu mama yangu alinikataza nisiifunike," akasema. Akafuta macho. "Basi binti, yaliyopita yamepita."

"Hayajapita, mzee. Ulimtukana mbele za watu, utamwomba radhi mbele za watu."

"Unaniamuru ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo. Ama nazirudisha tailizi, na safari hii nachonga."

Patasi ilikuwa mkononi. Nisingeweza hata kidogo, lakini yeye angejuaje?

Ijumaa baada ya swala, barazani kumejaa watu, nikampigia baba, nikaweka simu sauti kubwa. Hamoud ni mdogo kwa baba miaka kumi na tano, ila siku zote alimwita "we fundi". Akakohoa.

"Shikamoo, Mzee Shilinde. Nilikukosea. Kazi yako ilikuwa njema."

Upande wa pili kuku wa Lusu wanalia.

"Marahaba," baba akasema. "Waambie wa nyumbani kwako wasiimwagie sakafu ndimu wakiona doa. Inakula mawe."

Ndugu zangu, wapo watu wanaobeba jina baya kwa sababu wanatutunzia kitu. Kabla hujamwita mtu mlipuaji, funua kwanza uone. Na ukikuta ulikosea, usimwombe radhi chumbani mtu uliyemvua nguo barazani.