Chakula cha Mchana Ndani ya Benzi

Miaka hiyo ya tisini, mtu wa Migori angeweza kufa bila kupanda benzi, lakini hakuna aliyekubali kufa bila kula ndani yake. Mwenye hoteli mmoja, ambaye zamani aliendesha lori la miwa kule Awendo, alinunua benzi iliyokufa injini, akabomoa ukuta, akaisukuma mpaka katikati ya hoteli, akajenga ukuta upya. Nyota yake akaitundika juu ya mlango. Wahudumu walivaa kofia za madereva. Chai iliitwa gia ya kwanza, chapati na maharagwe gia ya pili, na samaki mbuta mzima wa kukaanga aliitwa gia ya mwisho, maana ukishamla huendi popote. Meza za kawaida zilikuwepo, lakini watu walipanga foleni ya kukaa ndani ya gari lenyewe. Viti vya ngozi vilikuwa laini kiasi kwamba ukikaa, mifupa yako inakuuliza ulikuwa unaikalisha wapi siku zote.

Mimi nilikwenda humo kutafuta mke. Msichana mwenyewe alikuwa amekubali, baba yake hakuwa na neno. Aliyekataa ni mama.

Kosa langu lilikuwa masomo. Mchana nilipakia magunia ya mahindi sokoni, jioni nikachukua taa na kitabu kwenda shule ya usiku, ile watu waliita ngumbaru, na nilirudi wakati hata mbwa wamechoka kubweka. Habari hiyo ilisafiri mpaka Homa Bay, nyumbani kwa akina msichana, na njiani kitabu kikaanguka. Vilifika taa na usiku tu. Na kwetu mtu mzima anayetoka kila usiku, hana mgonjwa wala msiba, jina lake ni moja: jajuok, yule anayekimbia gizani akirusha mawe kwenye mapaa ya watu, na ambaye, wanasema, hufuga kiboko kama wengine tunavyofuga paka. Mama akasema binti yake hataolewa na mtu wa mbio.

Mshenga wangu tulikuwa tunakaa naye dawati moja kule ngumbaru. Aliposikia mama anakuja Migori kununua mahindi, alimwomba apite anitazame mchana, kwa macho yake, ndipo akatae au akubali. Mama akasema atakuja, na kwamba jibu atakalotoa siku hiyo litakuwa la mwisho.

Sasa tatizo likawa chakula. Mgeni wa namna hiyo huwezi kumwacha na njaa, lakini kwetu mkwe na mama wa msichana hawali wakitazamana. Ni aibu kubwa. Mshenga akafikiri kidogo.

"Omera, ndugu yangu, benzi," akasema. "Wewe utakaa mbele kwenye usukani. Mimi na mama nyuma. Wote mnatazama mbele. Mtakula pamoja bila kuonana."

Akili kama hiyo chuo kikuu kizima hakina.

Mama alifika, mrefu kama mlingoti wa bendera, akaingia nyuma na kufunga mlango taratibu. Nilikaa wima, macho kwenye kioo cha mbele, nikitazama ukuta uliochorwa barabara ya lami isiyo na shimo hata moja, barabara ambayo Migori hatukuwahi kuiona kwingine.

"Mwambie dereva nimemsalimu," mama akamwambia mshenga.

"Mama anakusalimu," mshenga akaniambia, kama vile nilikuwa Tanzania.

Mbuta akaletwa, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikala kwa adabu. Nikainua macho kidogo tu, na pale juu, kwenye kile kioo kidogo cha dereva, nikakutana na macho mawili makali juu ya kichwa cha samaki. Kioo hicho kilisuguliwa kila asubuhi. Sisi wasomi wawili hatukukikumbuka. Nilitaka kuingia chini ya kiti.

"Mwambie dereva aangalie barabara," mama akasema.

Nikaiangalia ile lami ya ukutani mpaka machozi yakanitoka. Lakini yeye aliendelea kunipima kiooni, nilihisi kisogoni.

"Muulize, usiku huwa anakwenda wapi?"

"Darasani, mama," nikajibu bila kusubiri zamu yangu.

"Wanafundishwa nini ambacho mchana hakiwezekani?"

"Hesabu," mshenga akadakia. "Na jiografia. Kujua mito na milima iko wapi."

"Hata jajuok anajua hiyo."

Nikasikia mama akisukuma sahani, nikajua anajiandaa kuondoka. Kwa hofu nikaona bora niagize ugali zaidi, kwa sababu mtu aliyeagiziwa ugali hawezi kusimama kabla haujaja. Humo ndani ya benzi chakula kiliagizwa kwa honi. Nikabonyeza usukani.

Mwenye hoteli alikuwa amefunga honi ya lori la miwa. Ililia mpaka nadhani ng'ombe wa Oyugis waligeuza vichwa. Niliruka, nikagonga paa la gari, nikamwita mama yangu mzazi kwa jina lake la ubatizo, na mchuzi wote ukanimwagikia kifuani.

Halafu nyuma nikasikia kitu kama birika linalochemka. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mshenga akampigapiga mgongo.

"Huyu," akasema akijifuta macho kwa leso, "anaogopa honi aliyoipiga mwenyewe. Giza ataliweza wapi?"

"Kutoka darasani lazima nimsindikize mpaka mlangoni, mama," mshenga akasema. "Njia nzima anaimba nyimbo za kanisani."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, na siku hiyo niliupenda.

Mama akavuta tena sahani yake.

"Mwambie dereva alete ng'ombe," akasema. "Lakini awalete mchana."

Mshenga akainama, akaniambia neno kwa neno. Nikatoa kichwa dirishani, nikaomba ule ugali kwa mdomo.