Namba Kumi na Moja na Wakwe wa Usoke

Nalisema mwenyewe, maana mkilisikia kwa wengine litakuwa limetiwa chumvi, na iliyomo tayari inatosha: mimi Maganga, mtu mzima mwenye wajukuu, niliwalowesha wakwe zangu hadharani mpaka nguo za ndani.

Mimi ni mlinzi wa jengo moja jipya pale mjini Tabora, ghorofa tatu na bustani, na humo hakuna swichi kama za kwenu, kuna skrini moja ukutani karibu na geti (kubwa kama sinia la pilau), ukigusa picha ya pampu maji yanapanda, ukigusa mlango unafunguka. Aliyeifunga ni Fundi Shomari, Mzaramo, na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, maana babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakafikia kwa babu zake, wakaanza kutukanana kwa upendo, na sisi tunaendeleza. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, hapo hapo ananiita mpagazi.

Sasa radi ikapiga, skrini ikasahau kila kitu. Shomari yuko Dar, anakuja Jumatatu, na Jumamosi mwenye jengo ameniruhusu kuwapokelea bustanini watu wa Usoke wanaokuja kumposea kijana wao mjukuu wangu Nyamizi (bibi wa huyo kijana sifa zake zilishafika, alishakataa binti mmoja kwa sababu kwao chai ililetwa imepoa). Ningewasha karabai yangu nikasubiri Jumatatu, nisingekuwa na la kuwasimulia. Nikampigia Shomari anielekeze.

Akaeleza vizuri tu, kwamba kila kifaa cha jengo kina namba yake mtandaoni kama nyumba za mtaani, na kila kitufe lazima ukiambie kikabishe hodi nyumba ipi. Nikaandika, nikafuta, akanitukana, nikamtukana, tukafika kwenye taa za bustani.

"Hizo weka kumi na mbili, mpagazi," akasema. "Ukiweka kumi na moja utawaogesha wakwe zako."

Nikacheka. Nikajua huyu Mzaramo anataka nionekane kituko, na mtani akikuonyesha kushoto wewe nenda kulia. Nikaweka kumi na moja. Kitufe nikakichagulia picha ya balbu, maana kusoma kwangu ni kwa kubahatisha.

"Haya, kijaribu."

"Taa mchana unajaribuje, wewe?"

Jumamosi wakaja, tukawaketisha kwenye nyasi chini ya turubai, wakala, bibi hajacheka ila hajanuna. Jua lilipozama nikasimama nikatangaza kwamba sasa wataona babu anavyowasha bustani nzima kwa kidole kimoja. Nikaenda ukutani, mgongo kwao, nikagusa balbu. Nyuma yangu kelele, nikadhani vigelegele, nikafurahi, nikakivuta na kile kistari cha kuongeza mwanga mpaka mwisho. Vigelegele vikazidi. Nikageuka, nikainama kidogo kama mtu anayeshukuru.

Turubai linazuia mvua ya juu, lakini kumi na moja kumbe ni mabomba ya kumwagilia nyasi, nayo yako chini. Mshenga yuko juu ya kiti, wajomba wanagombea meza. Bibi peke yake hakunyanyuka, amekaa wima, kilemba kinachuruzika. Nikazima, nikakimbia kwenda kuomba radhi, nikateleza, nikamfikia kwa tumbo.

Akanitazama. "Mkwe," akasema taratibu, "kwetu mgeni hunawishwa mikono tu."

Nikamwona Nyamizi amesimama na kanga kavu mkononi, machozi yanamlenga, nikajua uchumba umekwenda na maji. Nikasema ukweli wangu pale pale kwenye tope, "Mama, fundi aliniambia itakuwa hivi, nikadhani utani."

"Fundi wa wapi?"

"Mzaramo."

"Na wewe ukamwamini Mzaramo?"

"Sikumwamini, mama. Ndiyo maana umelowa."

Midomo ikamtetemeka, nikadhani baridi. Kumbe anacheka, akacheka mpaka kilemba kikaanguka, akachukua kanga ya Nyamizi akajifunga. "Binti tunamchukua," akasema. "Ila siku ya harusi babu yake akae mbele, mikono yake niione."

Tangu hapo mimi na Shomari tumewekeana sheria: kwenye utani ananiita mpagazi, kwenye kazi ananiita Mzee Maganga. Juzi kapiga simu, "Mzee Maganga, hiyo kumi na moja usiiguse." Sikubisha. Simu nikaibana kwa bega, mikono yote miwili nikaitia mfukoni.